Haraka ya Nini?

Kwenye chumba cha kuonjea mvinyo hairuhusiwi kujipulizia marashi, kutafuna pipi wala kuguna. Hilo la kuguna ndilo linalowashinda wengi. Ukiguna, jirani anajua hujapenda, na kalamu yake inaanza kubana alama bila mwenyewe kujijua. Kwa hiyo tunakaa kimya, watu wazima watano, kila mmoja kwenye kibanda chake cha ubao mweupe, glasi kumi na mbili mezani na ndoo ya kutemea miguuni. Tunanusa, tunasukutua, tunatema. Mpita njia akichungulia dirishani atadhani tumekuja kung'olewa meno, na hatakuwa amekosea sana, maana mmoja wetu ni daktari wa meno.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Miaka ishirini na mbili nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu kwa kalamu nyekundu, na uchoyo wangu wa alama unajulikana hadi kwa wazazi. Kwenye jopo la bonde letu niliingia kwa sababu ya pua. Nikinusa glasi nakuambia kama pipa lilisuguliwa au lilisuuzwa tu mtu akiwahi kutazama mpira. Watu wakaniita Mama Pua. Mume wangu, mkulima wa zabibu, mtu aliyeweza kufunga kamba ya kiatu hadi chai ikapoa, wakamwita Taratibu. Tukipita pamoja barabarani, Taratibu na Pua, vijana walicheka waziwazi na sisi tuliwasalimia.

Taratibu alikufa miezi kumi iliyopita. Nasema alikufa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa; wanaosema "alitutoka" wananichosha. Sikulia msibani, sikulia baada ya msiba, na hadi asubuhi ile ya jopo nilikuwa bado sijalia. Nilifundisha, nilipika, nilianika nguo, nililala saa tatu na nusu. Binti yangu alipopiga simu kuuliza naendeleaje nilimwambia salama, na sikuwa namdanganya. Nilikuwa kama shavu lililochomwa sindano ya ganzi: unaligusa, unajua ni lako, lakini halikuambii kitu.

Asubuhi hiyo nilijua jambo moja tu la maana. Kati ya zile glasi kumi na mbili, moja ilikuwa yake.

Niseme kazi yetu ilivyo, ili tusipotezane. Bonde letu linajulikana kwa Merlot, mvinyo mwekundu wa zabibu za jina hilo. Mkulima akitaka kuandika jina la bonde kwenye chupa zake, lazima alete sampuli mbele ya jopo. Sisi tunaangalia kama mvinyo una kasoro, na kama unafanana na bonde. Kila mjumbe anatoa alama juu ya ishirini. Wastani ukifika kumi na nne, mvinyo unapata muhuri na mwenyewe anabandika lebo yake. Usipofika, hakuna lebo. Lori la tangi linakuja kutoka kiwandani, linaunyonya kwa mpira, unakwenda kuchanganywa na wa wengine waliofeli, na baada ya hapo hakuna atakayejua ulikuwa wa nani.

Chupa za sampuli huja zimevalishwa soksi nyeusi zenye namba. Majina anayo katibu, kwenye bahasha iliyogundishwa. Lakini bonde ni dogo, na kila mjumbe ana mjomba au shemeji kwenye glasi fulani. Ndiyo maana kuna kanuni ya kupindua. Ukitambua glasi ya mtu wako, unaimwaga kwenye ndoo, unaipindua juu ya kadi, na huipi alama. Wenzako wanne wanatosha. Hakuna anayekusimamia, ni wewe na dhamira yako. Miaka kumi na moja niliipindua glasi ya Taratibu na sikuwahi kukosea hata mara moja.

Haikuwa kazi ngumu. Taratibu alikuwa wa mwisho kuchuma bonde zima. Wenzake walikuwa wameshaosha makreti, yeye bado anatembea kati ya mistari ya mizabibu, anatafuna zabibu moja, anatemea mbegu kiganjani na kuzikazia macho. Mbegu ikiwa na ukijani, anarudi nyumbani kunywa chai. Ikiwa ya kahawia, na ikavunjika kwa mlio kwenye jino, ndipo anaita wachumaji. Mara nyingi ilikuwa wiki ya nne ya mavuno, na mara nyingi mimi nilikuwa nimeshamgombeza. Mvinyo wake ulitoka laini, wenye harufu ya plamu zilizoiva na kakao kwa mbali, na ukakasi unaokushika mdomo kidogo kisha unakuachia.

Mavuno yake ya mwisho sikuyaona. Binti yetu alijifungua kabla ya siku zake, katika mji mwingine, na kichanga kikawekwa kwenye mashine. Niliomba likizo nikaenda, nikakaa huko wiki saba nikilala kwenye kiti cha hospitali. Taratibu alikuwa anapiga simu kila jioni. Siku moja aliniambia, "Tumechuma, mama. Mambo mazuri." Sikumuuliza lini. Nilikuwa nahesabu gramu za mtoto. Kisha asubuhi moja aliyepiga simu alikuwa mdogo wake, na kabla hajasema kitu nilijua, maana shemeji yangu huyo hapigi simu, yeye hutuma ujumbe. Kaka yake alikuwa amelala na hakuamka. Moyo, walisema.

Shemeji ndiye aliyeumalizia ule mvinyo. Alikuja kila siku ghalani, nyuma ya nyumba yangu, akiwa na ufunguo wake. Mimi niliuona mlango wa ghala kila nilipoanika nguo, na sikuingia. Si kwamba niliogopa. Sikuwa na haja.

Siku mbili kabla ya jopo alikuja jikoni na boksi la lebo, zimeshachapishwa, karatasi ya rangi ya maziwa na herufi kubwa: TARATIBU. Chini yake, kwa ndogo, Merlot, jina la bonde na mwaka.

"Shem, nimeona mwaka huu tumwandike yeye," akasema. "Ndiyo ya mwisho. Nimemsomea mama, akaniambia nisome tena."

Mama mkwe wangu haoni vizuri siku hizi. Nilimwona kichwani mwangu akiipapasa ile karatasi, na nikabaki nimetulia vilevile.

"Umechapisha kabla ya muhuri," nikasema.

"Sasa kwani Taratibu amewahi kufeli?"

"Hajawahi."

"Basi. Imebaki nyie tu."

"Mimi nitaipindua, kama kila mwaka. Wataamua wenzangu."

"Hao wanne hawawezi kumwangusha," akasema, na akaacha lebo moja juu ya meza, chini ya kopo la sukari, labda ili niitazame. Niliitazama. Niliona kuwa mashine ilikuwa imekata kona moja vibaya.

Kwa hiyo asubuhi ya jopo, saa tatu, niliketi kwenye kibanda changu nikijua shemeji yangu na mama yake wamekaa wakisubiri chupa mia tisa zenye jina la marehemu, na mimi kazi yangu ni kupindua glasi moja tu na kunyamaza.

Glasi ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Ya pili ilikuwa ya mtu aliyenunua pipa jipya na anataka kila mtu ajue. Ilinuka mbao kama duka la seremala. Ya tatu nimeisahau. Ya nne niliinusa na kusema moyoni, huyu hapa.

Plamu. Kakao. Ulaini ule usio na pupa ya kufika popote. Niliushikilia mdomoni muda mrefu kuliko kawaida, si kwa kupima, bali nikingoja. Nilifikiri labda ndipo machozi yatakapokuja. Nilijipa nafasi kabisa, kama mtu anayesubiri kupiga chafya. Hayakuja. Nilitema, nikaimwaga, nikaipindua glasi juu ya kadi namba nne, nikafuta tone la mvinyo mezani kwa kitambaa. Nilijiona mtu mbaya, lakini hata hilo nililiona kwa mbali.

Nikaendelea. Ya saba ilikuwa imeanza kuwa siki. Ya nane ilikuwa tamu kupita kiasi, imebembelezwa.

Ya tisa iliniudhi. Rangi yake ilikuwa changa, zambarau inayong'aa ukingoni. Nikanusa: pilipili hoho iliyokatwa sasa hivi, jani la mnyanya ulilolifikicha kwa vidole. Mdomoni uchachu ulitangulia, mwembamba, na nyuma yake ukaja ukakasi wa mbegu mbichi unaokwangua fizi na kukaa hapo. Kila mwonjaji anajua maana yake. Zabibu zilitolewa mtini hazijawa tayari.

Kilichonichoma si ubichi. Wavivu na walafi wanachuma mapema kila mwaka na siwashangai. Lakini huyu hakuwa mvivu. Mvinyo ulikuwa msafi kama maji ya kisima, hauna harufu ya uchafu hata chembe, umekamuliwa kwa mkono mwepesi, umetunzwa. Mtu aliyejua kazi yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, halafu akaiharibu kwa kukosa subira ya wiki tatu, na katika mwaka ambao mvua haikumtishia mtu. Ni kama yule mwanafunzi mwenye akili anayepeleka karatasi mezani nusu saa kabla ya kengele. Hao nawachukia kuliko wasiojua kitu. Nilichukua kalamu nikaandika kwenye kadi: "Usafi wa hali ya juu. Zabibu zimechumwa mbichi, wiki tatu kabla ya wakati, bila sababu inayoonekana." Kisha, kwa mazoea, nikaongeza maneno ninayoyaandika pembeni mwa madaftari kila wiki: "Haraka ya nini?"

Nikampa kumi.

Tulipomaliza zote kumi na mbili, tulihamia meza ndefu. Hapo ndipo tunaporuhusiwa kuguna. Mwenyekiti wetu ni mzee aliyewahi kuendesha mnada wa ng'ombe na mpaka leo anazungumza kama kuna watu uwanjani. Daktari wa meno alikaa karibu nami. Wengine wawili ni mpishi mkuu wa hoteli na mama muuza vinywaji, watu wa maneno machache. Hakuna mkulima kwenye jopo, kwa makusudi. Katibu alikusanya kadi, akaanza kusoma kwa namba.

Glasi ya nne ilipita vizuri, alama za juu kuliko zote siku ile. "Moja imepinduliwa," katibu akasema bila kuinua macho, na hakuna aliyenitazama, kwa adabu ileile ya kila mwaka.

Ya tisa: "Kumi na tano. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na nne." Akageuza kadi ya mwisho. "Kumi." Akabonyeza kikokotoo. "Kumi na tatu nukta sita. Haijapita."

"Mimi nilisema itakwenda vizuri na chakula," mpishi akanung'unika.

"Maoni," katibu akaendelea, na akasoma ya mpishi, ya mama muuza vinywaji, ya mwenyekiti, ya daktari, kisha yangu. Alipofika "Haraka ya nini?" alijikuta anaisoma kwa sauti ya ukali, kama mimi darasani, na daktari wa meno akaangua kicheko.

"Hii haihitaji sahihi! Mwalimu, kuna mtu huko nje ataambiwa aje na mzazi."

Nilicheka na mimi. Midomo inajua yenyewe wakati wa kucheka.

Kisha katibu akapasua bahasha na kuanza kusoma majina. Moja, yule mwenye trekta jekundu. Mbili, wa pipa jipya, kama nilivyodhani. Tatu. "Nne," akasema, na akataja jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, yule mstaafu wa posta.

Nilidhani amekosea mstari. Mstaafu wa posta alianza kilimo juzijuzi tu. Lakini alikuwa kila siku uzioni kwetu, anamuuliza Taratibu hili na lile, na Taratibu alikuwa anamjibu kwa kirefu, mimi nikiita chakula kinapoa. Akamfundisha kutafuna mbegu. Kumbe mwanafunzi alikuwa anasikiliza.

Sikusikia tano wala sita. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu glasi zilizobaki, na jibu nikalipata kabla ya katibu.

"Tisa," akasema. Akaisogeza karatasi karibu na uso. "Tisa ni shamba la marehemu Taratibu."

Hakuna aliyeguna.

Miaka ishirini na tano nilikula na yule mtu, nikalala naye, nikaonja kila pipa alilojaza, na nilikuwa nimempindulia glasi jirani, yeye nikamfelisha. Niliifunika kalamu yangu nikaiweka mezani.

Mwenyekiti alikohoa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alizungumza kwa sauti ya chini. "Mwalimu, mimi sijasaini bado. Kanuni inasema mtu asimpime jamaa yake. Kadi yako ya tisa tukiitoa, wanabaki wanne."

"Hamsini na nane kwa wanne," katibu akasema haraka. "Kumi na nne na nusu. Inapita."

"Ni kosa tu," akasema daktari. "Mama Pua, jamani, mafua tu yanatosha kuiziba pua. Nani atakulaumu?"

Walikuwa wananionea huruma, na walikuwa wananipa njia. Niliiona lebo ya rangi ya maziwa, na mama mkwe akiipapasa. Kama ningekuwa na moyo unaofanya kazi siku ile, huenda ningesema toeni na ningetoka nimeinamisha kichwa. Lakini nilikuwa na kichwa tu, na kichwa kilikuwa kimeshikwa na kitu kingine kabisa. Mtu aliyengoja mbegu ziwe kahawia maisha yake yote alikuwa amechuma wiki ya kwanza. Niliuliza swali kwenye ile kadi, na sasa nilitaka jibu.

"Kanuni inasema anayetambua apindue," nikasema. "Mimi sikumtambua."

"Mwalimu."

"Lebo wameshaichapisha, imeandikwa Taratibu. Mmeonja wenyewe. Iacheni kadi yangu."

Mwenyekiti alichukua kalamu, akasaini. Kwenye korido daktari wa meno alinishika kiwiko, kisha akaniachia.

Nilitembea hadi nyumbani. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na mtu fulani alikuwa anaosha gari huku redio ikipiga kelele. Nilizunguka nyumba, nikapita chini ya kamba za nguo, nikasukuma mlango wa ghala.

Ndani kulikuwa baridi na kulinuka kama kulivyonuka miaka yote. Mapipa matatu. Tangi la chuma. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kreti lililogeuzwa, boksi la lebo miguuni, kopo la gundi juu yake. Aliinuka aliponiona. Alikuwa amevaa shati la kanisani.

"Eh, umeingia mwenyewe leo," akasema. "Tumepata ngapi?"

"Haijapita."

Alicheka kidogo, akisubiri nimalizie utani.

"Kumi na tatu nukta sita," nikasema. "Wenzangu walimpitisha. Mimi nimempa kumi. Nilidhani ni ya mtu mwingine."

"Wewe?" Alirudi nyuma akagonga kreti. "Shem, wewe? Hao wengine wanampitisha, halafu wewe mwenyewe ndiye unamwangusha? Nitamwambia nini mama? Mia tisa, Shem! Kesho kutwa linakuja lori la tangi na kaka yangu anakwenda kuchanganywa na takataka za watu!"

Alikuwa na haki ya kupiga kelele na nilimwacha apige. Alipomaliza nilimuuliza, "Mlichuma lini?"

Akanyamaza papo hapo. Mtu mwenye hasira hanyamazi hivyo.

"Wiki ya kwanza," nikasema. "Au nimekosea?"

"Si ulisikia msibani? Watu walikuwa wanasema."

Inawezekana. Msibani niliambiwa mengi na sikusikia hata moja. "Nakuuliza wewe. Kwa nini?"

Alikaa tena kwenye kreti. Akaanza kubandua gundi iliyokauka kwenye kidole gumba, kipande kwa kipande, kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Alisema hafiki wiki ya nne," akasema.

"Nani alisema?"

"Yeye. Daktari alikuwa ameshamwambia, wiki mbili kabla hujaenda kwa binti. Moyo umechoka, umebaki muda kidogo, hauna dawa. Alitaka kukuambia. Halafu ikaja ile simu ya mtoto kuwekwa kwenye mashine. Akaniambia, mke wangu hawezi kukaa hospitali mbili. Akaniapisha."

"Kila jioni alikuwa anapiga simu."

"Nilikuwa nakaa naye hapa akipiga. Akimaliza anapumzika nusu saa ndipo anaweza kuinuka." Alifuta pua kwa mkono wa lile shati la kanisani. "Nilimwambia tungoje, mimi nitachuma ziwe tayari, wewe pumzika. Akakataa. Akasema hajawahi kuacha zabibu zake mikononi mwa mtu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya mistari, sisi tunachuma. Mstari wa mwisho alichuma mwenyewe, kwa kukaa. Tulimsogezea kiti mzabibu hadi mzabibu."

Nikauliza, kwa sauti niliyoisikia kama ya mtu mwingine, "Alizitafuna mbegu?"

"Alitafuna. Akatemea kiganjani, akazitazama. Kijani tupu. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, mke wangu akionja hii atanitukana."

Nilikwenda kwenye rafu, mahali palepale, nikachukua glasi yake, nikaipuliza vumbi. Nilizungusha bomba la pipa la kwanza. Mkono ulijua ni kiasi gani.

Nilinusa. Pilipili hoho. Jani la mnyanya. Nikaonja, na safari hii sikutema. Uchachu ulitangulia, mwembamba, kisha ule ukakasi ukaja ukanikwangua fizi na ukagoma kuondoka. Msafi, kila mahali msafi. Alikuwa ameyasugua mapipa, pumzi hana.

"Mjinga," nikasema. Nililiambia pipa. "Mjinga mkubwa wewe. Haraka ya nini? Si ungeniambia? Ningekuja. Ningekuja hata kwa miguu, mpumbavu wewe, ningekushikia hicho kiti!"

Nilikuwa na hasira. Nilikuwa na hasira naye hadi vidole vikauma, na nilishangaa jinsi inavyouma, kwa sababu kwa miezi kumi hakuna kilichoniuma. Shemeji alisimama, akaja karibu, hakujua afanye nini na mikono yake, akaishia kunishikia glasi.

Baada ya muda aliuliza polepole, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu, "Na sasa, Shem? Sasa unampa ngapi?"

Nilichukua glasi nikaonja tena, niwe na uhakika.

"Kumi," nikasema, na hapo nikaanza kulia.